Namba Tatu wa Kombaini ya Bara

...na hiyo sasa ni finjani ya nne, naihesabu kwa sababu sina kingine cha kufanya, mtu mwenye adabu zake hunywa mbili, ikizidi sana tatu, halafu huitikisa ile finjani kwa ncha za vidole, kidogo tu, maana yake alhamdulillah, yatosha, haya tuzungumze, na baba yangu mzazi, Mzee Hashil, aliyenifunza adabu hiyo kabla hajanifunza kufunga kamba za viatu, ameinyoosha tena bila ya kuitikisa, na Nasr, katibu wa kamati, hana budi kuinamisha dele la kahawa na kummiminia, kwa mkono wa kushoto, kalamu kaibana sikioni, maana katika sabla hii ya Nizwa, ukumbi wa wanaume kukutania, katibu ndiye mdogo wa wote na mdogo ndiye mwenye kumimina, awe na shahada ya chuo kikuu asiwe nayo, na swali lipo pale pale katikati ya zulia, hakuna anayeligusa, Zuhair mwenyekiti keshaliuliza kwa upole wote, "Ami Hashil, tuandike ulizaliwa wapi, na mama yako nani?", na mtu anayekunywa kahawa hasukumwi kujibu, hiyo ndiyo mila, kwa hiyo baba yumo ndani ya finjani ile kama mtu aliyeingia ngomeni akatia komeo... Tabora, baba, sema Tabora, silabi tatu, hata kwa mdomo uliojaa kahawa inatamkika, sema Tabora na mimi nitakuwa namba tatu wa Kombaini ya Bara, siku ya nne ya Idi, Maskati, kwenye uwanja wenye majani ya kweli, dhidi ya Kombaini ya Unguja, sisi wa wazee waliorudi kutoka Bara, wao wa waliorudi kutoka Unguja, miaka thelathini ninayo na misimu tisa nimeichezea klabu ya Ibra kwenye uwanja ambao mpira ukidunda unaweza kwenda kwa jirani au unaweza kurudi kukupiga wewe pua, misimu tisa na sijachaguliwa kitu chochote, hata mkuu wa msafara sijawahi kuwa, mpaka mwezi uliopita tulipocheza Sur na kocha wa kombaini alikuwepo kwa shughuli zake nyingine akasema, "Yule beki wa kushoto wa Ibra, mleteni", maneno hayo nimemsimulia mke wangu mara nyingi mpaka nikianza yeye anamalizia, na Asya ni mtu wa kusema, "Goti moja linalia kama mlango wa choo, ndiyo leo wamekuona", lakini jezi yangu kaifua mwenyewe, hakumwachia mtu... "Mvua imenyesha kule Dima wa Tayyin juzi," anasema mtu mmoja ukutani, na mwengine, "Wallahi?", na wa kwanza, "Bonde la wadi limejaa, limeshuka na mbuzi wa watu", wanajaza nafasi, watu wema, kumi na wawili wamekaa ukutani pande zote na kila mmoja anatazama kitu chake, mmoja anatazama kiyoyozi, mmoja kandambili zake kule mlangoni, wote wanangoja finjani itikiswe, na fomu ipo mbele yangu juu ya zulia, kurasa mbili, nakala tatu, na pasipoti ya baba juu yake imefunuliwa kwenye ukurasa ule ule uliotuleta hapa, Mahali pa Kuzaliwa: Ibra... Zuhair huyu si mtu mbaya, ni mtu wa idara ya mifugo tu, mwaka juzi walimpeleka Nyuzilandi miezi minne kujifunza mambo ya ng'ombe wa maziwa, ambao kwa maelezo yake wana nidhamu ya foleni kuliko sisi, akarudi na vitu viwili, sweta ambalo hapa hana pa kulivaa, na kanuni, maana kule wapo Wamaori, wenyeji wa asili, wana timu yao wenyewe, mpira wa kule ni ule wa kukumbatia na kulaliana, lakini timu ni timu, na mchezaji wa klabu hata awe hodari vipi hachukuliwi mpaka ajulikane kuwa ni wa ukoo wao, Zuhair anasema amemwona kwa macho yake kijana mmoja, mkamuaji wa ng'ombe asubuhi, mchezaji Jumamosi, kaitwa kwa sababu kacheza vizuri, akasimama mbele ya wazee wao akasema mlima wangu ni fulani, mto wangu fulani, babu yangu fulani bin fulani, akaenda nyuma, akaenda nyuma, mpaka akafika kwenye chombo kilichowaleta, na wazee wanaitikia kwa vichwa, "Na fomu je?" aliuliza Nasr tuliposimuliwa, na Zuhair akasema, "Fomu mimi sikuiona", kwa huzuni, kama mtu aliyeonyeshwa nyumba nzuri isiyokuwa na mlango, basi akarudi kwao akautia mlango, kurasa mbili, nakala tatu, pasipoti asilia na mashahidi wawili, mchezaji athibitishe kwamba baba au mama, au babu au bibi, amezaliwa Bara, Tabora, Ujiji, Bujumbura, Kongo huko, na siwezi kumlaumu, maana mwaka jana wale wa Unguja walituletea mshambuliaji aliyetupiga mabao matatu ambaye Unguja anaijua kwa karafuu, na karafuu zenyewe za kwenye pilau... na mimi nani hata nimcheke Zuhair, mimi karani wa serikali ninayekaa dirishani Ibra mwaka wa saba huu nikipokea maombi ya watu, mimi niliyemrudisha mzee mmoja mara tatu, mara ya kwanza picha, mara ya pili picha ina kilemba cha rangi, mara ya tatu saa sita na dakika tano na dirisha linafungwa saa sita, mzee akaniambia, "Mwanangu, mwakani nikija nikiwa nimekufa, nilete nini?", nikamjibu bila ya kufikiri, "Cheti", na jioni tukacheka ofisini, leo mimi ndiye mzee, na dirisha ni Nasr, ambaye aliipokea pasipoti hii na karatasi zake za uraia akazisoma akatabasamu, "Hamdun, hapa baba yako kazaliwa Ibra, mama yake baba yako, Ghalia, kazaliwa Ibra, babu kazaliwa Ibra, sasa nyinyi Bara mmekwenda lini, mmeiona kwenye televisheni?", watu wakacheka, na mimi nikacheka, baba hakucheka, ndipo Zuhair akauliza lile swali na dele likaanza kuzunguka... maana ukweli ni huu na kila mtu hapa anaujua, na kila mtu anao wa kwake nyumbani sandukuni, mwaka wa sabini na mbili watu wetu walipokuwa wakirudi huku kutoka Bara wanaandikishwa, minong'ono ya foleni ilikuwa inasema ukitaja umezaliwa huku mambo yanakuwa mepesi, ukitaja kule utaulizwa hili na lile, basi baba akafika mbele ya karani, akaulizwa umezaliwa wapi, akasema Ibra, mji ambao alikuwa ameuona kwa mara ya kwanza siku kumi na moja kabla yake, mama yako nani, akasema Ghalia, na Ghalia kweli alikuwepo, alikuwa mke wa babu yangu, mke wa huku, aliyeachiwa shamba na zamu ya falaji, ule mfereji wa maji wa kijiji, wakati babu alipokwenda Tabora kufanya biashara na kukaa huko miaka ishirini bila ya kurudi hata mara moja, kwa hiyo kwa mujibu wa serikali Ghalia alimzaa baba Ibra mume wake akiwa nchi nyingine, na karani hakuuliza, na mimi nikiwa karani namwelewa, fomu haikuwa na kisanduku cha kuuliza hilo, na Ghalia mwenyewe alipoambiwa alisema, "Niandikeni, kwani itanipunguza nini", mwanamke asiyejaaliwa mtoto akapata mtoto wa miaka thelathini na mbili na ndevu zake, na alikuwa bibi, wallahi alikuwa bibi, alinilea, alinichapa mkono wa kushoto nilipoutia kwenye sahani mpaka nikajifunza kula kwa kulia, mguu tu ndio hakuuwahi... basi tulihangaika kuthibitisha kuwa hatujatoka hapa, tumefaulu, tumegongewa mihuri, na miaka thelathini na moja baadaye nahangaika kuthibitisha kuwa tulitoka, kwa sababu ya mpira, na mama yangu ni wa Ibra kweli, kwa hiyo anayeweza kuithibitisha ni mtu mmoja, na mtu huyo anakunywa kahawa... "Kahawa ya Nizwa imemkolea ami," anasema Nasr taratibu, na mtu wa ukutani anasema, "Mwache anywe, ya Ibra maji matupu", wanacheka kidogo, kwa pua, na baba anatabasamu naye, anapiga funda dogo kuliko la ndege, ah, baba, watu wawili wa Ibra wamekaa pale karibu na mlango, nimewaona nilipoingia, na yeye kawaona, nikajua tangu pale, nikasema hapa hatasema, si mbele ya hawa, ambao miaka yote wamemwita mwana wa Ghalia, hawezi kusema mama yangu ni mwanamke wa Kinyamwezi wa Tabora, mweusi, asiyekuwa na nasaba ya kuandikwa, na niwe mkweli, hasira ilinipanda mpaka masikioni, nikasema moyoni, mzee huyu anamwonea haya mama yake, anamwonea haya hata hii sura yangu, maana mimi nimemfuata nani kama si yeye, nywele hizi ni za nani, watu wakinitazama dirishani kule kazini wanajua kabla sijafungua mdomo, anayejificha ni yeye tu na anajificha ndani ya kikombe, hivyo nilivyofikiri finjani ya pili, na ya tatu pia, na ningeendelea kufikiri hivyo mpaka Maskati lau asingeinua mkono sasa hivi kuisogeza finjani mdomoni, mkono ule ule, kidole kimoja kimenyooka kama kinataka kubonyeza kitu, nikaiona pikapu... ile Datsun nyeupe, kidole chake kinabonyeza kaseti iingie, mimi nina miaka kama minane, miguu haifiki chini, tunakwenda shamba, na kaseti inaanza kwa mkwaruzo na jogoo, jogoo wa Tabora, halafu sauti ya mwanamke karibu sana na kinasa sauti, kama anataka kuingia ndani yake, "Hashili, mwanangu, mimi mama yako, unanisikia? Sijambo, miguu tu", zilikuwa zinakuja na wasafiri, moja kwa mwaka, labda mbili, kila mtu aliyekuwa na mtu kule alizipata, na baba alikuwa akizisikiliza mle garini peke yake, ndani ya nyumba hapana, ndani ya nyumba kulikuwa na Ghalia, na kama nimo garini nami nilisikiliza, hakunikataza wala hakunieleza, siku moja nilimwuliza nani huyu, akasema, "Bibi yako wa kule", basi, wa kule, na jina lake lilikuwa hilo, wa kule, mama yangu nikimwuliza husema, "Mwulize babako", na kwenye kaseti yeye mwenyewe hakuwahi kujitaja, nani anayejitaja kwa mwanawe, alisema mimi mama yako, na majirani nyuma yake walimwita Mama Hashili, jina lake lilikuwa la baba yangu... na katika kaseti moja aliniuliza mimi, hii nimeisahau miaka mingi, aliuliza, "Na huyo mtoto wa kiume, anasema Kiswahili au mmempa Kiarabu peke yake? Nimeletewa habari kuwa wa kushoto. Msimpige, Hashili. Babu yangu mzaa mama alikuwa wa kushoto, huyo katoka kwetu, mwacheni", na baba akanitazama mguu, si usoni, mguu, akacheka, sikumbuki kumwona akicheka vile mahali pengine... basi ushahidi ulikuwepo, Nasr, katibu wa kamati, ushahidi wa ukoo, kwa sauti ya mwenyewe bibi mzaliwa wa Bara, akiutaja mguu huu huu ambao kocha kauona Sur akasema mleteni, hakuna Mmaori aliyekuwa na ushahidi mzuri kuliko huo, na uko wapi, niulizeni uko wapi, mwaka wa themanini na nne lilipofanyika Kombe la Ghuba Maskati nilikuwa na miaka kumi na moja na nilitaka kulirikodi redioni, kila kitu, mtangazaji, watu, honi, na kaseti tupu sikuwa nayo, nikachukua moja kutoka kwenye kisanduku cha pikapu, nikajua ni nini, nisiseme sikujua, nikasema moyoni ziko nyingine, atatuma nyingine, nikabonyeza vile vifungo viwili kwa pamoja kama nilivyofundishwa skuli na wenzangu, na nikakaa mbele ya redio dakika arubaini na tano nikishangilia kimyakimya... Ijumaa baba akaitia, tuko njiani, kidole kile, nikangojea jogoo na mimi, nikijua hakuna jogoo, na mtangazaji akaja anapiga kelele kwa Kiarabu, mpira kwenye kona, na baba hakuizima, tukafika shambani akasimamisha gari chini ya mitende akazima injini na hakuteremka, akasikiliza upande ule wote, mchezaji baada ya mchezaji, majina yote, na mimi kando yake nimejikunja, mpaka mwisho kabisa, ambapo redio yangu haikufika, pakabaki kipande, kidole kimoja cha utepe, akasema yule bibi, "Haya, wananiambia inakwisha, inakwisha", na ikakwisha, kikasikika kile kifungo kinaruka juu chenyewe, na baba akakaa, akaangalia mbele, halafu akaniuliza, "Nani alifunga?", nikamwambia, akasema, "Vizuri", akateremka akaenda kufungua maji, ilikuwa zamu yetu ya falaji... hakunipiga, hakunisema, hakumwambia mama, na mwaka uliofuata barua ilipokuja kutoka Tabora kuwa bibi amefariki aliikunja akaitia mfukoni akaenda kwenye zamu yake ya maji, na kaseti nyingine hazikuja tena, bila shaka, na nimekaa na jambo hilo miaka kumi na tisa nikilipa majina mengine, nilikuwa mtoto, ndiyo, na zilikuwa za zamani, ndiyo, na ubora wake ulikuwa mbaya... "Ami, na tende," anasema Zuhair, anasogeza sahani, anampa baba njia nyingine ya kutojibu, mtu mwema Zuhair, kanuni zimemzidi tu, na baba anachukua tende moja anaishika, haili, na mimi namtazama kwa upande, na nywele zake zilivyokuwa nyeupe kwenye masikio chini ya kofia, na ninaona, sijui kwa nini sikuliona tangu finjani ya kwanza, kuwa mtu huyu hamwonei haya mama yake, mtu anayemwonea haya mama yake haketi garini na jua linachoma akisikiliza kona na mpira wa kurusha kwa sababu pengine mwishoni amebaki kidogo, anajionea haya yeye, alipanda treni ya kwenda Dar es Salaam akamwambia nitakuletea karatasi za kuja, ndivyo bibi alivyokuwa akimkumbusha kwenye kaseti, na kwenye karatasi ya kwanza aliyopewa akamwandika mwanamke mwengine, na baada ya hapo hakukuwa na karatasi wala ofisi ya kumleta mtu ambaye wewe mwenyewe umesema si mama yako, angemwombea ruhusa kama nani, kama jirani? alijifungia mlango kwa mkono wake, kwa neno moja, foleni ikimsukuma mgongoni, na neno hilo limelala pale kwenye zulia limefunuliwa mbele ya watu kumi na wawili, na mimi, mwanawe, niliyeifuta sauti ya mama yake, ndiye nimemleta saa mbili za njia kutoka Ibra hadi Nizwa, nimemwambia twende baba ni suala la sahihi tu, ili amtoe, amtoe yule bibi mbele ya kamati, jina kamili, majina matatu, kwa herufi kubwa, ili mimi nikakimbie upande wa kushoto... na kijana yule wa ng'ombe kule Nyuzilandi alisimama akasema mwenyewe, hakumsukuma babake mbele, alikuwa nayo, mlima na mto na watu, na mimi nikisimama sasa hivi hapa niseme nini, mlima wangu sijui, mto wangu sijui, bibi yangu ni wa kule, si fomu inayonikwamisha, Nasr hata akinigongea muhuri kwa ukarimu wake, na anaweza, ninamjua, jana kampitisha mtu kwa picha ya harusi, bado nitakuwa namba tatu asiyejua ni wa nani... "Tusimchoshe mzee," ananong'ona mtu wa ukutani, "aandikwe tu, nani asiyejua," na Nasr ananong'ona, "Kanuni, bwana," lakini anakitazama kisanduku kama mtu anayekiombea msamaha, kalamu kaitoa sikioni, kaishika juu ya karatasi, na nalijua tendo lile, nalifanya kila siku, kalamu ikikaa vile neno lolote litakaloanguka litakuwa la kisanduku, likishaandikwa mtu halisikii tena, analisoma, na hapo ndipo nagundua kuwa mkono wangu umelala juu ya fomu, sijui tangu lini, kiganja chote, kama mtu anayezuia karatasi isiruke na upepo, na upepo hakuna, nataka kulisikia jina lile, nalitaka kuliko nilivyoitaka Maskati na majani yake, lakini si hivi, si mtu wa tatu baada ya mwenyekiti na katibu, si kwa nakala, nalitaka garini, njiani, tukishapita Sinaw, barabara tupu, yeye anatazama mbele na mimi natazama mbele, na nimwambie kwanza nilikuwa najua ile kaseti ni ya nani nilipoichukua, nianze mimi, ni zamu yangu kuanza, na kombaini itafute beki mwengine wa kushoto, watampata, mwenye babu aliyezaliwa Ujiji na vyeti vyake vyote... baba ameirudisha finjani chini ya kidevu, tupu, vidole vimeizunguka, haitikisi wala hainyooshi, Nasr kainua dele nusu, hajui amimine au aandike, Zuhair anasema, "Naam, ami?" kwa upole ule ule, baba anavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema, na mimi niliyekuja hapa kumngoja aseme naomba, ya Rabbi, asiseme bado.